Nina madeni manne na mshahara mmoja. Nianze kulipa lipi?

SWALI

Mimi ni mwalimu wa sekondari katika shule ya binafsi hapa Lubumbashi, Kongo. Ninakaa Katuba na mdogo wangu wa kiume. Mshahara wangu ni 440,000 FC (franga za Kongo), nikihesabu franga 2,200 kwa dola moja ni dola 200. Jioni nafundisha watoto wa jirani, napata dola 40 nyingine. Mjomba wangu aliyeko Kolwezi ananidai dola 800 alizonilipia minervali (ada ya chuo) kwa miaka mitatu. COOPEC, chama cha akiba na mikopo, inamdai mama dola 240 za mkopo aliochukua kwa ajili ya mwaka wangu wa mwisho. Mimi ndiye ninayelipa, imebaki miezi 8, riba asilimia 3 kwa mwezi. Chuo kinanidai dola 180, kwa hiyo karatasi zangu sijapewa, na prefe wetu, yaani mkuu wa shule, ananilipa kama mwenye Diploma ya Serikali tu, ile ya kumaliza sekondari. Amesema nikileta karatasi atanipandisha hadi 550,000 FC. Halafu mwezi wa 8, shule ikiwa imefungwa, nilichukua dola 100 kwa mtu wa Banque Lambert, mkopeshaji wa riba wa mtaani. Kadi yangu ya benki iko kwake pamoja na namba ya siri. Mwisho wa mwezi anatoa mshahara wangu, anakata dola 50, ananipa zinazobaki. Nimekwisha kumlipa 100 na bado ananidai 100. Walimu wenzangu wanaanza likelemba (upatu) ya watu 8, kila mmoja 55,000 FC kwa mwezi, mpaka mwezi wa 6. Nilikataa kwa sababu sina nafasi. Shemeji yangu wa Dar es Salaam anasema Bodi ya Mikopo inamkata asilimia 15 tu. Na mimi nitenge asilimia 15? Mjomba anapiga simu kila wiki, sasa naiogopa simu.

JIBU

Mwalimu, salamu kwako na kwa mama.

Anza na mtu wa Banque Lambert, na uanze mwezi huu wa 11. Akitoka, fuata chuo. COOPEC iendelee kulipwa kama ilivyo, bila kuruka hata mwezi mmoja. Mjomba atakuwa wa mwisho kupokea pesa, lakini awe wa kwanza kupigiwa simu, wiki hii. Nimekaa miaka mingi upande wa mikopo wa COOPEC, na watu wenye hesabu kama yako nimewaona wakifanya kinyume kabisa: wanamlipa kwanza anayepiga kelele zaidi, yule anayekula polepole wanamwacha aendelee.

Nimalize kwanza habari ya shemeji, maana ni fupi. Bodi ya Mikopo ya Tanzania, HESLB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na kweli mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa aliyekopeshwa na kuipeleka huko. Kenya wana bodi yao, HELB, tangu 1995, na mikopo yake ya shahada ya kwanza ina riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Kwa mwaka, mwalimu! Dola 100 ya namna hiyo ingekuomba dola 4 mwaka mzima. Dola 100 yako inakuomba 50 kila mwezi, yaani 600 kwa mwaka, na bado 100 yenyewe haijaguswa. Asilimia 15 ya mshahara wako ni 66,000 FC, dola 30. Haifiki hata riba ya huyo mtu mmoja. Kipimo cha shemeji kilitengenezwa kwa deni moja, lenye mdai mmoja, linalokatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Lako lina milango minne na kila mlango una sheria zake. Kiache.

Nimechukua namba zako nikaziweka kwenye karatasi. Zinaingia dola 240. Hukuandika matumizi, nami nimekadiria nyumba ya watu wawili Katuba: kodi 40, chakula 70, usafiri 25, sabuni, makala (mkaa) na mengineyo 15. Jumla 150. Ukiona nimekosea, badilisha namba lakini usibadilishe utaratibu. Zinabaki 90. Banque Lambert inachukua 50. COOPEC mwezi huu inachukua 37 na senti kidogo: 30 za deni na 7.20 za riba. Zinabaki dola 3 hivi. Ndiyo maana mjomba na chuo hawaoni kitu, wala si kwa sababu una mkono mwepesi. Wako watakaokwambia uache kunywa sucré (soda) na ununue unga kwa gunia badala ya meka, yaani kwa kopo. Unga wa gunia ni shauri zuri kwa mwenye pesa ya gunia. Lakini hata ukiacha sucré zote za Katuba hupati dola 50 kwa mwezi, na dola 50 ndizo zinazopotea.

Sasa kila deni liulize swali hili: nikilimaliza, kila mwezi litanirudishia kiasi gani? Banque Lambert: unatoa 100, zinakurudia 50 kila mwezi. Chuo: unatoa 180, prefe anakuongeza 110,000 FC, yaani dola 50 kila mwezi. COOPEC: unatoa 240 kwa mkupuo, unaokoa riba ya dola 7 inayopungua kila mwezi. Mjomba: unatoa 800, huongezewi hata franga moja. Utaratibu umejipanga wenyewe. Deni la mjomba ndilo kubwa, ndilo lenye simu nyingi na ndilo linalokukosesha usingizi, lakini ukilitupia dola 10 huku Lambert akiendelea kula 50, baada ya mwaka utakuwa hapo hapo ulipo.

Dola 100 za kumtoa zitatoka wapi? Kwenye ile likelemba uliyoikataa. Watu 8 kwa 55,000 ni 440,000 FC, dola 200 kwa anayepokea. Wewe ulitazama 55,000 inayotoka ukaogopa. Tazama zamu. Ukipata zamu ya kwanza, mwezi huu unashika dola 200, kisha unazirudisha kwa 25 kila mwezi bila riba mpaka mwezi wa 6. Kwa namna hiyo wenzako saba wamekukopesha bure.

Shida ni kwamba mgeni hapewi zamu ya kwanza. Likelemba yoyote yenye akili humweka mwisho ili asitoroke. Kwa hiyo usiende kwa kikundi chote kuomba kwa jumla. Nenda kwa yule mwenye zamu ya kwanza, peke yake, umweleze ukweli, umwombe mbadilishane: yeye achukue zamu yako. Mara nyingi mwenye haraka siye aliyepangwa wa kwanza. Wapo wanaopenda kupokea mwezi wa 12 kwa ajili ya sikukuu, na wapo wanaopenda mwezi wa 6 kabisa, kabla ya likizo. Kisha mwende wawili kwa mama anayeshika daftari, ayaandike mabadiliko. Mwenye zamu akikataa kubadilishana, mwombe prefe akupe mshahara kabla ya wakati, dola 100 akate kwa miezi minne. Prefe anayetaka walimu wake wabaki hukubali mara nyingi kuliko tunavyodhani, na hilo nalo halina riba.

Mwezi wa 11 utakuwa hivi. Zinaingia 240 na 200 za likelemba. Zinatoka 150 za nyumba, 37 za COOPEC, 25 za likelemba, na 150 za Banque Lambert, maana atadai 50 ya mwezi huu pamoja na 100 yake. Zinabaki 78. Dola 75 zipeleke chuo siku hiyo hiyo, kabla hazijapata kazi nyingine.

Kumlipa mtu wa Lambert kuna adabu zake. Usimpe pesa barabarani. Nenda na shahidi mtu mzima anayeheshimika, mzee wa kanisa kwa mfano, au mwalimu mwenzako mwenye umri. Zungumza naye mapema: "Patron, tarehe fulani nakumaliza. Njoo na kadi yangu na karatasi niliyosaini." Pesa na kadi zibadilishane mikono kwa wakati mmoja. Ile karatasi ya deni aichane mbele yenu, au aandike juu yake kwamba amelipwa yote, tarehe, saini. Kesho yake asubuhi uwe benki kubadilisha namba ya siri, au kuomba kadi nyingine kama namba ile imekwisha kupita mikononi mwa wengi. Watu husahau hatua hiyo ya mwisho, halafu mwezi wa 12 wanashangaa pesa zimetoka.

Ila kuna kizuizi kidogo: mshahara wa mwezi huu utaingia benki kadi ikiwa bado kwake, na atakata 50 yake kwanza kabisa. Haidhuru, ndiyo 50 ile ile niliyoihesabu. Wewe uwe na 100 ya likelemba mkononi siku hiyo hiyo, asipate nafasi ya kuanza mwezi mwingine. Kama zamu inatolewa tarehe 5 na mshahara unaingia tarehe 30, usikae na pesa siku 25. Mlipe tarehe 5, kadi irudi kwako, mshahara uutoe mwenyewe.

Wengi wenu hamjui kwamba sheria haiko upande wa riba ya namna hiyo. Kanuni yetu ya mikataba na madeni, ile ya tangu 1888, ina ibara ya 131 bis: mkopeshaji akitumia shida au ujinga wa mkopaji kumwahidisha riba iliyopita kiasi waziwazi, mkopaji anaweza kumwomba hakimu apunguze deni libaki pesa aliyokopa na riba ya kawaida. Je, nakushauri umpeleke tribunali ya amani, mahakama ya chini? Hapana, si kwa dola 100. Nauli, karatasi na asubuhi ulizoacha darasa zitakula zaidi ya hapo. Nakwambia ili usimame wima unapozungumza naye. Akikataa kuachia kadi, au akidai "riba juu ya riba", mtajie ibara hiyo kwa upole mbele ya shahidi. Mtu wa biashara ile hapendi karatasi yake isomwe na hakimu.

Na akikutisha kwamba atakupeleka polisi: kushindwa kulipa deni si kosa la jinai. Ndiyo maana wakopeshaji hulibandika jina jingine, huandikisha kwamba umemtapeli au umekula amana yake. Hukumtapeli, alikupa mkopo na karatasi ipo. Ukiitwa, nenda na mtu, usisaini kitu usichokisoma, na ujue kwamba Katiba, ibara ya 18, hairuhusu mtu kushikwa na polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kufikishwa kwa mahakama.

Chuo sasa. Mwezi wa 12 bado una COOPEC na likelemba, kwa hiyo zinabaki 28 hivi. Mwezi wa kwanza 29, wa pili 30. Pamoja na zile 75 umefika 162. Mwezi wa 3 unamalizia 18. Kabla ya kulipa awamu ya kwanza, nenda ofisi ya fedha ya chuo uombe hali ya akaunti yako kwa maandishi: mwaka gani, kwa ajili ya nini, kiasi gani. Nimeona madeni ya wanafunzi yakiwa na awamu iliyokwisha kulipwa ila bordereau, ile stakabadhi ya benki, haikufika kwenye daftari. Tafuta bordereau zako za zamani zote, hata zilizokunjwa ndani ya madaftari ya mwaka wa kwanza. Lipa benki tu, kwenye akaunti ya chuo. Anayekwambia "nipe mkononi nitakusaidia iende haraka", mshukuru uende zako. Na kila bordereau uipige picha siku hiyo hiyo, kwa maana wino wa mashine hufifia na karatasi hubaki nyeupe.

Ukimaliza, usiombe diploma kwanza. Diploma yenyewe inaweza kuchukua muda mrefu kutoka, unajua. Omba hati ya kufaulu, ile attestation de réussite, pamoja na orodha ya alama. Hiyo inatosha kwa prefe. Mwulize sasa hivi, kabla hujalipa senti: "Nikileta attestation mwezi wa 3, nyongeza inaanza mwezi wa 4 au inangoja mwaka mpya wa shule?" Ajibu kwa barua, au akuandikie kwenye simu. Ahadi ya mdomo wa prefe hubadilika wazazi wanapochelewa kulipa. Akisema mpaka mwezi wa 9, bado inafaa kulipa chuo, kwa kuwa attestation inakufungulia na shule nyingine, na shule za Lubumbashi hutafuta walimu kabla ya mwezi wa 9.

COOPEC sina mengi ya kusema. Mkopo uko kwa jina la mama, na akiba yake imefungwa kuwa dhamana. Ukichelewa, anayeitwa ofisini ni yeye. Awamu inashuka kila mwezi, kutoka 37 hadi 31, na mwezi wa 6 inakwisha. Ukiona mwezi mmoja hautafikia, nenda kabla ya tarehe. Baada ya tarehe wewe ni mchelewaji kwenye daftari. Kabla yake wewe ni mteja anayeomba kupangiwa upya, na wakala wa mikopo anakuwa na la kuandika.

Tufike kwa mjomba, na hapa nitakaa kidogo, maana hili ndilo deni ambalo pesa ni nusu yake tu.

Hukuniambia kwa nini anapiga simu kila wiki. Labda mkataba wake huko kwenye migodi umekwisha. Labda mtoto wake mwenyewe anaanza chuo. Labda ana pesa na hazimsumbui, ila kinachomuuma ni ukimya wako. Kila sababu ina jibu lake, na hutaijua kwa kuikimbia simu. Mpigie wewe. Usimwandikie ujumbe, kwa sababu mjomba aliyekulipia masomo miaka mitatu haandikiwi ujumbe kuhusu pesa zake. Mwambie kwanza asante, kwa jina la kazi unayoifanya leo. Kisha mwambie ukweli wote, pamoja na habari ya Lambert, ingawa ni aibu. Nina hakika mambo mawili yatatokea: atakukaripia, halafu atataka kujua utamtoa lini yule mtu. Mjomba anayejua kwamba mpwa wake ananyonywa 50 kwa mwezi huona mwenyewe kwa nini yeye anangoja. Asiyejua huona tu kwamba una mshahara na hutumi kitu.

Katika mazungumzo hayo kuna jambo la kuulizwa kwa unyenyekevu, na mama awepo: je, zile 800 ni mkopo, au ni malezi? Kwetu Katanga mtu anaweza kukulipia minervali bila kutaja kurudishiwa, na baadaye maisha yakimkaza zikawa deni. Wala si uhuni, ni kwamba hakuna aliyeandika. Anaweza kusema: zote ni mkopo. Sawa, utalipa zote. Anaweza kusema: mwaka wa kwanza ulikuwa zawadi yangu, rudisha miwili. Au anaweza kusema jambo ambalo husemwa mara nyingi kuliko yote: "Usinirudishie mimi, msomeshe mdogo wako fulani." Hapo ndipo watu huangamia wakicheka. "Kumsomesha mdogo wako" hakuna mwisho. Kunaanza na minervali, kunafika viatu, daftari, kompyuta, chumba, na baada ya miaka minne umetoa 1,500 na watu bado wanasema ulisomeshwa na mjomba.

Akitoa pendekezo hilo lipokee, ni la heshima, lakini lipe mpaka: "Mjomba, nitalipa minervali yake, dola 50 kwa mwezi wakati wa shule, mpaka zifike 800. Kila bordereau nitakutumia." Liandikwe. Karatasi mbili, moja kwake, moja kwako, na mama au mzee mwingine wa ukoo asaini kama shahidi. Wengine huona ni matusi kuandikishana na ndugu. Mimi nasema ndugu ndio wa kuandikishana nao kabla ya wote, kwa sababu mtu wa Banque Lambert mkikosana mnaachana, mjomba mtakutana kwenye kila matanga na kila harusi mpaka mmoja wenu azikwe.

Umpe nini kwa sasa? Mpaka mwezi wa 3, hakuna, na mwambie hivyo, kwa tarehe. Kuanzia mwezi wa 4 hadi wa 6 mpe dola 10 kila mwezi. Ni kidogo, najua, ila ifike siku moja ile ile kila mwezi. Ukituma kwa simu, ongeza gharama ya kutoa, isije 10 ikamfikia 9 na kitu. Mwezi wa 9, ukiwa na 290 zinazoingia, bila COOPEC wala likelemba, utampa 50. Hapo atakuwa anakudai 770. Miezi 10 ya mwaka huo wa shule ni 500. Zitabaki 270, na zitakwisha mwezi wa 2 wa mwaka wa shule unaofuata. Zaidi kidogo ya miaka miwili kuanzia leo. Mpe tarehe hiyo. Mdai mwenye tarehe ya mbali hupiga simu mara chache kuliko mdai asiye na tarehe.

Kuhusu mdogo wako unayekaa naye: hukusema anasoma wapi wala nani anamlipia. Kama ni wewe, sawa, ila usichukue mkopo mpya kwa ajili yake kabla ya mwezi wa 6. Kama ana miaka 18 na zaidi, anaweza kupata cha kufanya siku za Jumamosi, walau makala yawe juu yake.

Jambo jingine ambalo hukuliuliza. Mshahara wako ni wa franga na madeni yako ni ya dola. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa kama 920 FC. Mwaka 2017 ilipita 1,500, na mwisho wa 2023 ilikuwa imepita 2,600. Aliyekuwa na deni la dola 500 na mshahara wa franga mwaka 2015 aliliona linakua miaka miwili mfululizo bila kukopa tena. Leo wewe unahesabu kwa 2,200, franga imekuwa na nafuu, na nafuu hiyo inakusaidia, kwa sababu franga zile zile zinalipa dola nyingi zaidi. Usibahatishe itadumu. Siku ya mshahara, kabla ya sokoni, nunua dola za madeni ya mwezi huo kwa kambisti (mbadilisha pesa) unayemfahamu, uzihesabu hapo hapo na kuzitazama moja moja kwenye mwanga. Noti yenye mpasuko hata wa ukubwa wa ukucha, au iliyoandikwa kalamu, mrudishie, kwa sababu COOPEC na mjomba wataikataa na itabaki kwako. Na mkataba wowote mpya ukiandika, hasa na mjomba, taja ni dola au ni franga, na kama ni franga zinahesabiwa kwa kiwango cha siku gani.

La mwisho ni miezi ya 7 na ya 8, maana ndiyo iliyokupeleka kwa Lambert. Wazazi hawalipi, shule hailipi, na nyumba yako inaendelea kula 150 kwa mwezi. Ukitoa 80 za watoto wa jioni kwa miezi miwili, utapungukiwa 220. Kuanzia mwezi wa 3 hadi wa 6, baada ya COOPEC, likelemba na chuo, zitakubakia kama 112. Nyongeza ya prefe ikianza mwezi wa 4 inaleta 150 juu yake. Jumla 262, toa 30 za mjomba, una 232. Inatosha, kwa upana wa kidole. Nyongeza hiyo ya miezi mitatu usiizoee. Tangu siku ya kwanza iwe pesa ya likizo, na ikae kwa mama au kwenye akiba ya COOPEC, isikae kwenye simu yako. Prefe akikataa mpaka mwezi wa 9, utakuwa na 82 tu, na pengo la kama 138. Hapo fanya haya mwezi wa 5, usingoje wa 7: tangaza masomo ya likizo kwa wazazi wa mtaa, hasa wenye watoto wanaokwenda mwaka wa 6; zungumza na mwenye nyumba kuhusu kodi ya mwezi wa 8 ilipwe mwezi wa 10; na mkumbushe mjomba kwamba miezi hiyo miwili hatapokea kitu, atapokea tena mwisho wa mwezi wa 9.